Wageni wamepewa jembe la Mama Uani

Umemwona. Usianze kusema hukumwona. Umepishana naye asubuhi kwenye kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha matofali, ndoo mkono wa kulia, mfuko mkono wa kushoto, na wewe ukainamia simu yako kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Hukuletewa habari yoyote. Ulikuwa unakwepa harufu ya dawa ya vidonda.

Miaka ishirini na mbili unamkwepa. Lakini mwezi wa pili mwaka huu, gari jeupe la wamisionari lilipoingia mtaani, ulitoka mpaka barabarani na watoto wako, ukapunga mkono hadi bega likakuuma. Hapo macho yalikuwa mazima.

Basi yatumie leo.

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Mama Uani anasukuma kwa goti mlango wa bati wa nyumba ya nne kutoka bombani. Habishi hodi, kwa sababu mikono imejaa: ndoo ya maji ya moto yenye kifuniko, na mfuko wenye sabuni, chumvi, pamba na vitambaa vilivyochemshwa vikaanikwa juani. Anapita chini ya kamba za nguo, anapita jiko ambalo bado halijawashwa, anaingia chumba cha nyuma. Kitandani amelala seremala mstaafu, miaka sabini na mbili, mwenye kisukari na kidonda cha mguu kisichotaka kufunga.

"Umechelewa," anasema seremala, macho bado kayafumba.

"Na wewe umeamka na mdomo. Lete mguu."

"Upi?"

"Ule wa vidole vitatu, mzee wangu. Mwingine sina ugomvi nao."

Seremala anaguna. Mama Uani hacheki. Vidole viwili ambavyo havipo kwenye mguu ule ndiyo sababu habari hii inaandikwa.

Jina lake la kazi, katika karatasi za kanisa, ni mhudumu wa majumbani. Ana miaka hamsini na nne. Nyumba zake ni arobaini na moja: wenye vidonda, waliopooza, wazazi wapya, wazee waliosahauliwa na watoto wao, na wengine ambao ugonjwa wao ni kwamba hakuna anayewasemesha. Posho yake ya mwezi inanunua mchele kilo tano na mche wa sabuni. Katika miaka yote hiyo imeongezwa mara mbili, na mara ya pili iliongezeka kwa bei ya mkate mmoja. Kinacholisha nyumba yake ni sindano ya mumewe, fundi viatu wa pembeni mwa stendi.

Jina la Mama Uani alipewa na mtaa, kwa kuwa hajawahi kuonekana akiingia kwa mgonjwa kwa mlango wa mbele.

"Nilifundishwa na mama mkwe wangu," anasema huku akilowanisha bandeji ya jana ili ibanduke yenyewe. "Aliniambia, mwanangu, mgonjwa ukimwendea kwa mlango wa mbele umemfanya mwenyeji. Mwenyeji lazima akutafutie kiti. Lazima akuulize za nyumbani. Lazima avae. Mgonjwa hana nguvu ya kuwa mwenyeji. Pita uani. Ukikuta vyombo vichafu, osha. Ukikuta mtoto analia, beba. Ndipo umuulize anaumwa wapi. Hapo atakwambia kweli."

Kuna bamba la marumaru kwenye ukuta wa kanisa, upande wa kushoto ukiingia. Lina majina kumi na manne ya watu waliotoka ng'ambo kuja kuhudumu hapa, na miaka yao. Hakuna jina la aliyewabebea mizigo. Hakuna jina la aliyewafasiria mahubiri, wala la mama mkwe yule, ambaye mwaka wa mafuriko alivuka maji ya kifuani na mtoto mchanga kwenye beseni. Mwaka ule magazeti yalipiga picha ya mgeni aliyekuja kukabidhi mablanketi. Walio wepesi kusahau wamesahau. Wengine hatukusahau.

Kila Jumamosi Mama Uani hupangusa bamba lile.

"Nayapangusa vumbi majina ya wenzangu," anasema. "La kwangu halina hata mahali pa kushikia vumbi."

Wamisionari walifika mume na mke, vijana wa miaka thelathini na kitu, na masanduku manane. Mume ni mrefu mno. Wiki ya kwanza aligonga kichwa kwenye vizingiti vya nyumba tano, na watoto wakaanza kumtangulia kila anakokwenda wakipiga kelele, "Inama! Inama!" Jina likamkaa: Bwana Inama. Mkewe alijua neno moja la kufariji akalitumia kwa kila mtu, aliyefiwa na aliyebeba ndoo, hata kwa kuku aliyefungwa miguu. Yeye ni Mama Pole.

Waliwekwa katika nyumba iliyo ubavuni mwa kanisa. Jiko la nyumba ile lilikuwa la Mama Uani kwa miaka tisa. Humo alichemshia vitambaa na kuweka dawa zake. Mwenyekiti wa baraza la wazee alimwomba ufunguo akiwa kwenye pikipiki, bila kuzima injini. Mama Uani alisafisha nyumba siku tatu, akachukua sufuria yake, akaenda nayo nyumbani kichwani.

Haikuwa rahisi kwa wale wageni, na haki lazima isemwe hata na mwenye hasira. Tumbo liliwalaza wote wawili wiki mbili. Maji ya bomba yalikuwa yanatoka siku moja na kukatika mbili, na hawakuwa wamejua kuweka akiba. Siku moja Mama Pole alikutwa jikoni ameketi sakafuni, nguo zimelowa povu, maji yamekatika katikati ya kufua, analia kama mtoto.

Aliyemkuta ni Mama Uani. Alipita mlango wa uani, kama kawaida yake, na madumu mawili.

"Nikamsuuzia nguo, nikamwosha uso," anasema. "Nikamwambia, mgeni, hapa maji tunayawinda. Akanikumbatia. Nikarudi nyumbani nikiwa nimempenda. Jumapili yake nikaanza kumchukia."

Kwa nini Jumapili?

Anakamua kitambaa kwa nguvu kuliko kinavyohitaji. "Andika, usiogope. Nina wivu. Watu wanaona aibu kulisema neno hilo kana kwamba ni ukoma. Jumapili ile alisimamishwa mbele, akaambiwa atoe salamu. Akasema sentensi mbili mbovu. Kanisa zima likapiga makofi, wengine machozi. Mimi ishirini na mbili nakwenda, sijapigiwa hata kofi moja. Hata la mbu!"

Umelipiga wewe pia, kofi lile. Usijifanye.

Wivu wake ana ushahidi nao. Kuna nyumba ameingia miaka kumi na tano, amezalisha pale, ameosha maiti pale. Watoto wa nyumba ile hawajawahi kumkimbilia. Mama Pole alikwenda mara moja na maputo, na sasa watoto wanalala na maputo yaliyonywea chini ya mito. Hata mume wake mwenyewe, fundi viatu, amemshonea Bwana Inama kiatu bure.

"Kiatu chenyewe namba arobaini na nane!" anajitetea fundi, akiwa kwenye kibanda chake, misumari midomoni. "Fundi anakutana na kiatu kama kile mara moja maishani. Ningemtoza nini, na mimi ndiye niliyefurahi? Mke wangu alininunia siku nne. Shemeji zangu wanajua. Akiona unamsifu mgeni, chumvi inapotea mezani."

"Chumvi niliipeleka kwa wagonjwa," anasema mkewe alipoulizwa. Hakuonyesha dalili ya kutania.

Mwezi wa nne baraza la wazee lilimwita. Viti vilikuwa saba, wazee saba. Yeye alisimama.

Mwenyekiti alimwambia, "Mama, umechoka. Watumishi wetu wa ng'ambo wamekuja na gari, wamekuja na moyo. Kuanzia sasa wao ndio watakaozuru wagonjwa, tuanze na nyumba kumi. Na wewe hatukutupi. Watakuhitaji jikoni. Mshahara ni mara nne ya posho yako."

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walikuwa na maana ya jembe la ziada. Hawakusema umnyang'anye mwenyeji la kwake ukampa mgeni, halafu mwenyeji akapike.

Mama Uani aliomba muda wa kufikiri. Mwenyekiti akamjibu kwamba ana muda hadi mwisho wa mwezi wa saba, siku ambayo waumini watathibitisha uamuzi kwa kunyoosha mikono. Kuthibitisha. Sikiliza neno lenyewe.

Wamisionari wakaanza kazi kwa bidii na kwa utaratibu. Na utaratibu ndio uliowaponza. Huko walikotoka, kumwendea mtu nyumbani bila taarifa ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kila Jumapili walitangaza madhabahuni: wiki hii tutazuru nyumba ya fulani Jumanne saa nne, ya fulani saa tano. Majina yalisomwa mbele ya watu mia tatu.

Mtaa ukaanza kujiandaa. Fundi cherehani mwenye kifua alifagia nyumba nzima usiku wa kuamkia siku yake, na asubuhi akashindwa kuinuka. Viti vya sebuleni vya nyumba moja vilizunguka nyumba nne kwa wiki moja, vikibebwa vichwani kwa uchochoro ili wenye gari wasivione njiani. Wagonjwa walivalishwa. Waliopooza waliegemezwa mito. Bwana Inama na Mama Pole walikuta nyumba zinang'aa na watu wanatabasamu. Waliandika kwao ng'ambo kwamba wagonjwa wa hapa wana furaha ya ajabu.

Nyumba ya seremala ilikuwa miongoni mwa zile kumi.

"Ningefanyaje?" anauliza mke wa mwanawe, anayemtunza. "Jina la baba mkwe limesomwa kanisani! Nimpokee mgeni wa ng'ambo na mguu uko nje? Nilimvalisha suruali yake ya harusi ya mwanawe, nikamvisha soksi, nikampa na viatu. Akakaa saa nzima anacheka nao. Walipoondoka, soksi imegandana na kidonda. Tuliivuta wote tukilia."

Waliporudi mara ya pili, alisimama mlangoni akawaambia baba mkwe amesafiri. Ya tatu, bado yuko safarini. Wageni wakaandika kwenye daftari lao, amesafiri, wakamwombea safari njema.

Sasa hapa ndipo panapouma, na Mama Uani hakutaka paachwe.

"Mimi nilijua hajasafiri," anasema. Ameacha kuosha. "Mguu ule ungesafiri kwenda wapi? Nilikuwa napita kichochoro hicho kila asubuhi kwenda kwa wagonjwa niliobakiziwa. Namsikia akikohoa. Mlango wa bati huu hapa, sukuma tu kwa goti. Sikusukuma. Nikasema moyoni, wacha waone. Wacha gari jeupe limfunge bandeji. Wacha waje wenyewe kunipigia magoti."

Kwa siku ngapi?

"Ishirini na tatu. Nimezihesabu zote."

Siku ya ishirini na nne alikuwa kwenye foleni ya bomba. Mke wa mwana wa seremala alikuwa mbele yake, anafua shuka. Upepo uligeuka, harufu ikamfikia. Aliacha ndoo zake palepale, kwenye foleni, jambo ambalo mtu wa mtaa huu halifanyi hata nyumba ikiungua. Alikimbia, akasukuma mlango wa bati, akafunua mguu. Kisha akakimbia tena, safari hii hadi nyumba ya wamisionari, akaingilia uani. Mama Pole alikuwa anamenya viazi.

"Gari," alimwambia. "Lete gari lako sasa hivi."

Gari lile lile alilolichukia ndilo lililomfikisha seremala hospitali. Daktari alisema siku mbili zaidi angekata kuanzia gotini. Akakata vidole viwili.

"Wivu wangu umekula vidole vya mtu," anasema Mama Uani. "Nimemwomba radhi mzee. Nimemwomba na Mungu. Lakini nikimwona yule binti amezungukwa na watoto, bado unanipanda. Nisikudanganye. Unanipanda mpaka kooni."

Seremala anaingilia kutoka kitandani. "Vidole vyenyewe vilikuwa vidogo. Havikuwa na kazi."

"Nyamaza, mzee."

Yeye amekiri. Na wengine? Baraza lililompokonya wagonjwa wake halijakiri kitu. Na wewe, ambaye ukuta wako na ukuta wa seremala ni mmoja, ulimsikia siku ishirini na tatu akilia usiku na ukaongeza sauti ya redio. Mama Uani alikuwa na wivu wa kumzuia. Wewe ulikuwa na nini?

Wiki moja baada ya hospitali, Mama Pole alikwenda nyumbani kwa Mama Uani. Hakwenda na gari. Alikwenda kwa miguu, akazunguka nyumba mara mbili akitafuta, hadi fundi viatu akamwonyesha mlango wa uani. Alikuta vyombo vichafu. Akaviosha vyote, na alipomaliza akasema, "Dada, nifundishe."

Kumbe kwao alisomea uuguzi. Vidonda anavijua kuliko Mama Uani, dawa anazijua kwa majina yake marefu. Asichokijua ni mlango.

Asubuhi hii anaingia kwa seremala dakika kumi baada ya Mama Uani, na ndoo ya pili. Gari wameliacha kanisani. Anapiga magoti sakafuni kando ya kitanda, anashika ule mguu kama mtu ashikavyo yai, na kuanza kufunga bandeji mpya, upesi na kwa unadhifu. Seremala anamwambia kitu kuhusu ukubwa wa miguu ya mumewe. Kisha mzee anacheka mwenyewe, kicheko kikubwa, meno yote nje.

Mama Uani anageuka. "Umeona? Umeona mwenyewe? Miaka kumi na mmoja namwosha mguu, kwangu ananuna. Huyu hata miezi sita hana!"

"Wewe ni mtu wa nyumbani," anasema seremala. "Mtu wa nyumbani nitamchekea nini? Mgeni ndiye anachekewa. Wewe nakununia kwa sababu najua kesho utarudi."

Mama Uani anainama kuokota pamba iliyoanguka, na anachukua muda mrefu kuiokota.

"Hayo yameniponya robo," anasema baadaye, uani, akimwaga maji machafu. "Robo tatu bado."

Mama Pole, anayezungumza polepole akitafuta kila neno, ana wivu wake pia. "Mimi nikifika, watu wanavaa viatu," anasema. "Dada akifika, wanavua. Namwonea wivu sana. Nilisoma miaka mingi, sikupata hiyo."

"Mwambie akae hapa ishirini na mbili," anajibu Mama Uani. Ila amemsogezea ndoo yake, akamwonyesha jinsi ya kuibeba maji yasimwagike.

Wamisionari wameandika barua kwa baraza. Wanaomba Mama Uani aongoze kazi ya majumbani, wao wawe chini yake, na gari litumike anapoagiza yeye. Barua ina wiki tano. Alipoulizwa, mwenyekiti wa baraza alisema, "Tumeipokea. Wageni wana unyenyekevu, tunawashukuru. Lakini jamani, tuseme kweli. Gari litaongozwaje na mtu wa ndoo?"

Kura haijafutwa. Wazee wale wale, pendekezo lile lile: kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao Mama Uani aende jikoni, na nyumba zote arobaini na moja zipangiwe ratiba ya gari, majina yasomwe madhabahuni. Fikiria soksi arobaini na moja.

Yeye mwenyewe anataka nini? Amekaa kwenye ngazi ya uani, miguu imenyooshwa, anasubiri ndoo ikauke.

"Gari nalitaka. Nani asiyetaka gari? Lakini liegeshwe mbali, tuingie kwa miguu. Na nataka wanawake sita, kila kichochoro mmoja, niwafundishe nilivyofundishwa na mama mkwe. Huyu mgeni awafundishe dawa, mimi niwafundishe mlango." Anafikiri. "Unajua kwa nini sita? Siku zile ishirini na tatu nilikuwa peke yangu. Moyo wangu ulipofunga mlango, hapakuwa na mwingine wa kuusukuma. Sitaki mgonjwa yeyote ategemee moyo wa mtu mmoja. Hata kama ni wangu."

Anasimama, anachukua ndoo. Zimebaki nyumba nne kabla jua halijawa kali.

Jumapili hii, baada ya ibada ya kwanza, saa nne, waumini watanyoosha mikono. Wewe una mkono. Uliupunga kwa gari jeupe, uliupigisha makofi kwa sentensi mbili. Uje nao. Pendekezo la wazee likisomwa, uuweke mapajani. Barua ya wamisionari isomwe kwa sauti, mkiidai kwa kusimama kama hawataki kuisoma, kisha uunyooshe hadi mwenyekiti auone kutoka kwenye kiti chake. Na kama wewe ni mwanamke wa kichochoro chochote kati ya vile sita, jina lako Mama Uani analingoja.

Lakini Jumapili ni mbali kwa mtu anayeumwa. Nyuma ya ukuta wako yupo mmoja, na unamjua, maana umemsikia. Weka gazeti chini. Chemsha maji. Usimtumie salamu wala usimpe taarifa, atavaa soksi. Zunguka nyuma, sukuma mlango kwa goti, uingie.